Gia za Vitufe kwenye Magari ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matengenezo

Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu magari ya Chrysler na ndugu zake (Plymouth, Dodge, DeSoto na Imperial) ya modeli za 1956 hadi 1964, kwa kuwa ndiyo yanayoulizwa zaidi na ndiyo yaliyobaki mengi. Wenye Edsel na Packard waanzie swali la 18.

## Mambo ya msingi

1. Vitufe hivi vinafanya kazi gani hasa?

Vinachagua gia, basi. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna vali inayoendeshwa kwa mkono, nayo hukaa kwenye vituo kadhaa: rivasi, nyutro, mwendo wa mbele na gia za chini. Kwenye gari la kawaida vali hiyo husogezwa na lever iliyo kwenye usukani au sakafuni. Hapa inasogezwa na vitufe vya dashibodi. Mengine yote, kama vile gia ipande lini, ipande kwa nguvu kiasi gani, au klachi ya ndani ishike vipi, ni kazi ya giaboksi yenyewe. Vitufe havina habari nayo.

Jambo hilo lishike mapema, litakuokolea hela na muda. Watu wengi hufungua dashibodi kwa kosa lililo mvunguni. Mjumbe hauawi: kitufe kikileta habari mbaya, kwanza uliza aliyekituma.

2. Ni umeme au ni kebo?

Inategemea gari. Chrysler walitumia kebo: waya mgumu ndani ya ala, unaosukuma na kuvuta, kutoka nyuma ya vitufe hadi kwenye vali ndani ya giaboksi. Hakuna mota wala relei. Umeme hapo ni wa vitu vidogo kama balbu inayomulika herufi na swichi ya stata. Rambler nao walikuwa na vitufe vya kebo.

Packard ya 1956 na Edsel ya 1958 zilichukua njia nyingine: vitufe ni swichi, na mota iliyofungwa kwenye giaboksi ndiyo inayosogeza vali. Hizo ndizo zilizovipa vitufe jina baya, na mpaka leo wenye mfumo wa kebo wanaulizwa kama magari yao "bado yana matatizo ya umeme wa gia".

3. Nitajuaje giaboksi niliyo nayo?

Hesabu vitufe. PowerFlite ya gia mbili ina vinne: R, N, D na L. TorqueFlite ya gia tatu ina vitano: R, N, D, 2 na 1. TorqueFlite ilianza kuonekana kwenye Imperial katikati ya 1956, na kuanzia modeli za 1957 ikaenea kwenye magari mengine ya kampuni.

Kisha chungulia chini. Za mwanzo zina bodi la chuma cha kusubu na ni nzito kweli. A-904 ya alumini ilikuja na Valiant ya 1960, na A-727, ambayo nayo ni ya alumini, ikafuata 1962. Tofauti hii ina maana kubwa ukifika kwenye kurekebisha kebo (swali la 13), kwa hiyo usiagize kipuri kabla ya kuijua.

4. Mbona hakuna P (ya kuegesha)?

Kwenye TorqueFlite za chuma hakuna kitu cha kufunga shafti ndani ya giaboksi, hivyo hakuna P ya kubonyeza. Gari lilitegemea handbreki, ambayo kwenye mengi ya magari hayo ni dramu iliyofungwa nyuma ya giaboksi na hushika shafti ya propela badala ya magurudumu. Modeli za 1962 hadi 1964 zilipata kijilever cha kutelezesha karibu na vitufe kwa ajili ya kuegesha. Hicho kina kebo yake, ya pili.

Usidanganyike kwamba ukizima injini gari likiwa kwenye 1 au R litakaa. Otomatiki hushika kwa shinikizo la oili, na injini ikizima pampu inasimama. Gari lisilo na kituo cha kuegesha linabaki kama liko nyutro. Handbreki ya gari hili lazima iwe nzima kabla hujaanza kushughulikia vitufe.

## Kutafuta kosa

5. Kosa liko kwenye vitufe, kebo au giaboksi. Nianzie wapi?

Katikati. Toa kisanduku cha vitufe kwenye dashibodi (swali la 8), achanisha ncha ya waya wa kebo nyuma yake, halafu shika waya kwa koleo na uusukume na kuuvuta taratibu. Kwenye giaboksi, kigololi chenye springi huingia kwenye vishimo vya vali, na utausikia mkononi kama mgongo mdogo unaopandwa kisha kushukwa. Kwenye TorqueFlite unapaswa kuhesabu vituo vitano, kila kimoja kikiwa dhahiri.

Ukivipata vyote, na waya unakwenda laini, kebo na vali ni nzima: kosa liko kwenye kisanduku au kwenye marekebisho. Waya ukiwa mgumu njia nzima, kebo imechoka. Ukienda laini lakini husikii vituo, waya umekatika au umechomoka upande wa giaboksi. Ukisikia vituo vichache kuliko vinavyotakiwa na mwisho wake unagota, kuna kitu ndani ya giaboksi, na hapo ndipo sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) inafunguliwa.

Ni jaribio la muda mfupi lisilohitaji kipimo chochote. Ajabu ni wangapi wanaliruka na kwenda moja kwa moja kuagiza kebo mpya.

6. R haishiki, au 1 haishiki, lakini D iko sawa. Kwa nini?

Hii ndiyo dalili ya kawaida ya kebo iliyopoteza kipimo. Vituo vya vali vimepangwa kwa mstari: R upande mmoja, 1 upande wa pili, D katikati. Kebo ikiwa fupi au ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa, katikati itasamehe lakini pembezoni haitafika. Upande mmoja kitufe kitaingia na gia haiji, na upande wa pili kitufe kitakataa kuzama hadi mwisho kwa sababu vali imeshagota kabla yake.

Kwa hiyo bonyeza R, kisha 1, ukilinganisha jinsi vinavyozama. Kimoja kikiwa kigumu na kingine legelege, usiende mbali. Rekebisha kebo.

Na usiendelee kuliendesha hivyo kwa kuwa "D inafanya kazi". Vali iliyosimama katikati ya vituo viwili hupitisha oili kwa shinikizo pungufu, klachi za ndani zinateleza badala ya kushika, na zikiteleza zinaungua. Kosa lililokuwa la kuzungusha rejeta (gurudumu la kurekebisha kebo, swali la 13) linakuwa la kushusha giaboksi.

7. Gia zinachelewa kupanda, au zinapanda kwa kishindo. Ni vitufe?

Hapana. Angalia kwanza kiwango cha oili: injini ikinguruma, giaboksi ikiwa ya moto, kitufe cha N kimebonyezwa. Kisha angalia fito zinazotoka kwenye kabureta kwenda giaboksi, kwani ndizo zinazoiambia umekanyaga mafuta kiasi gani. Zikiwa zimepinda au zimefungwa ovyo baada ya kabureta kubadilishwa, gia zitapanda wakati usio wake. Baada ya hapo ni mikanda ya ndani na vali bodi (sehemu yenye vali zinazoelekeza oili), mambo ambayo si ya ukurasa huu.

## Kisanduku cha vitufe

8. Nakitoaje bila kuvunja kitu?

Ondoa waya hasi wa betri kwanza. Dashibodi ni ya chuma, na waya wa balbu ukigusa mahali pasipofaa utatafuta fyuzi usiku kucha. Weka matairi vizuizi na uvute handbreki, maana kebo ikishaachana na vitufe hakuna tena kinachokuonyesha gari liko gia gani.

Mpangilio wa skrubu unatofautiana kwa modeli, lakini kwa kawaida fremu ya urembo hutoka kwanza, kisha kisanduku chenyewe, ambacho huvutwa kwa nyuma au mbele pamoja na kebo yake. Usikivute kwa nguvu. Kebo ina urefu wa kutosha tu, na waya ukikunjika pale karibu na ncha hautanyooka tena kamwe. Piga picha kila hatua, hasa upande ambao kishikio cha waya kimeelekea.

9. Ndani kuna nini?

Kila kitufe kimekaa juu ya bamba lake la chuma linaloteleza. Mabamba yote yanasukuma mkono mmoja unaoshika kebo, lakini kila moja limechongwa tofauti, ndiyo maana R inaupeleka mkono huo kwingine na D kwingine. Kuna pia komeo linaloshikilia kitufe kilichozama na kukiachia kingine kinapobonyezwa, pamoja na springi za kurudisha.

Tatizo la kawaida si kuvunjika, ni uchafu. Grisi ya kiwandani imekuwa gundi baada ya miaka sitini, vumbi limeingia, komeo halirudi upesi. Osha mabamba kwa mafuta ya taa au spiriti ya kusafishia, kwa brashi ndogo, bila kuyatoa yote kwa mpigo. Ukiyachanganya utajuta. Kausha, kisha paka grisi nyepesi nyeupe kwa uchache kwenye kingo zinazosuguana. Plastiki ya vitufe usiiguse kwa petroli wala tina.

Angalia kingo za mabamba kwa mwanga wa pembeni. Palipolika pataonekana pamemetameta na pana kijishimo. Ulikaji mdogo hauna neno kwa sababu rejeta ya kebo itaumeza. Ulikaji mkubwa maana yake mkono wa kebo haufiki mwisho hata kebo ikiwa mpya, na hapo tafuta kisanduku kingine kutoka gari la vipuri.

10. Kitufe kinaruka nje kila nikikibonyeza.

Ama komeo limechafuka au springi yake imechoka, ama kebo inakirudisha. Tofautisha hivi: achanisha kebo na ubonyeze tena. Kikikaa, komeo ni zima na tatizo ni marekebisho, rudi swali la 6. Kikiruka hata bila kebo, safisha komeo na ukague springi. Usiikunje springi ya zamani ili "iwe kali". Itakaza vitufe vyote, na kidole chako kitaanza kubonyeza kwa nguvu inayovunja plastiki.

11. Kitufe kimepasuka. Gundi itasaidia?

Uso wa kitufe uliopasuka unaweza kuungwa, mguu wake hapana. Mguu ndio unaobeba nguvu zote za kidole, na gundi ya epoksi pale itashika siku chache. Vitufe vipya vya kuiga vinatengenezwa kwa baadhi ya modeli, na vya zamani vinapatikana kutoka magari ya vipuri. Chukua seti nzima kama unaweza, kwa sababu rangi ya plastiki ya miaka ile inafifia, na kitufe kimoja kipya kati ya vinne vya kizamani kinachekesha.

Herufi zilizofutika zinarudishika. Osha mchoro wa herufi, jaza rangi ya enameli kwa kijiti, kisha pangusa uso kabla haijakauka. Rangi inabaki kwenye mchoro tu.

## Kebo

12. Kebo ni ngumu. Niimwagie oili?

Oili ya kupenyeza kutu itailegeza wiki moja kisha itaiacha kavu kuliko mwanzo, maana inaosha grisi iliyobaki. Kebo iliyo ngumu kwa sababu ya grisi iliyoganda inaweza kutolewa, kuning'inizwa wima, na kuingiziwa oili nyepesi polepole huku waya ukisogezwa hadi itokee chini ikiwa safi. Iliyo ngumu kwa kutu au kwa kukunjika, tupa.

Kabla ya kulaumu kebo fuata njia yake yote. Inapita karibu na eksozi? Ala iliyoungua ina mabaka yaliyokauka na kupasuka. Imebanwa na kishikio kilichowekwa na mtu asiyejua? Ina kona kali? Waya huu unasukuma, hauvuti tu, na waya unaosukuma hauwezi kupita kona kali bila kugoma. Angalia pia raba za kukalia injini: zikiwa zimekufa, injini hunyanyuka unapokanyaga mafuta na kuivuta kebo nayo.

13. Narekebishaje kebo?

Kwenye giaboksi za alumini za 1962 hadi 1964, kebo inaingia ubavuni mwa bodi ikiwa na gurudumu dogo lenye matundu kuzunguka ukingo wake. Gurudumu hilo ndilo rejeta, na skrubu moja hupita kwenye tundu na kulifunga lisizunguke.

Nyanyua gari, liweke kwenye stendi imara, kamwe si kwenye jeki peke yake. Mtu mwingine akae ndani abonyeze R na kuendelea kukishikilia. Chini, toa skrubu, ishike kebo iwe imenyooka na bodi, isukume ndani kwa nguvu ndogo tu mpaka uhisi vali imekaa kwenye kituo cha rivasi. Ukiwa umeishikilia hivyo, zungusha gurudumu mpaka liguse bodi bila kubana. Kuanzia hapo unaendelea kulizungusha kwa idadi ya matundu iliyoandikwa kwenye kitabu cha huduma cha gari lako, kisha unarudisha skrubu. Idadi hiyo usiikisie. Ndiyo inayoiweka vali mahali pake kwenye vituo vyote vitano.

Kosa la kawaida ni kusukuma kebo kwa nguvu nyingi. Ukiisukuma sana unaikunja ndani ya ala, na unachopima si kituo cha vali tena bali mkunjo wa waya. Vidole viwili vinatosha.

Za chuma zina mpangilio wake, lakini wazo ni lile lile: anza kwenye kituo cha mwisho, pata mguso, kisha funga.

14. Nitajuaje nimepatia?

Tairi za nyuma zikiwa hewani na stendi ziko chini, washa injini na upite kila kitufe. Kila kimoja kizame kwa uzito uleule, na gia iingie bila kuchelewa. Kwenye N magurudumu yanaweza kuzunguka polepole kwa mburuto wa oili, na utayasimamisha kwa breki bila shida. Yakizunguka kwa nguvu, vali haiko nyutro. Kisha zima, na uwashe tena kwenye N. Stata ikigoma, soma swali la 16.

15. Oili inavuja pale kebo inapoingia.

Kuna raba ya mviringo inayoziba hapo. Baada ya miongo inakuwa ngumu kama plastiki. Kuibadilisha kunahitaji kuchomoa kebo kwenye giaboksi: ndani kuna springi ndogo inayoifunga kwenye lever ya vali, na lazima ibonyezwe kwa bisibisi nyembamba huku kebo ikivutwa. Ukivuta bila kuibonyeza utang'oa kitu kisichopaswa kung'oka. Oili kidogo itamwagika, weka karai. Baada ya kurudisha, lazima urekebishe upya.

Usipake silikoni kwa nje. Haishiki kwenye oili, na mabaki yake yakiingia ndani yataziba njia za vali bodi.

## Stata

16. Gari halipigi stata, ila nikibonyeza N kwa nguvu au nikigusagusa linawaka.

Stata inaruhusiwa kupiga gari likiwa nyutro tu. Kwenye giaboksi za alumini za miaka hiyo kuna swichi iliyofungwa kwa nyuzi kwenye bodi, na vali ikifika nyutro lever ya ndani huigusa na kuikamilishia relei ya stata njia ya kwenda ardhini (kwenye chuma cha gari). Vali ikikosea kituo kwa upana mdogo, mguso haupatikani. Kwa hiyo dalili hii, mara nyingi sana, ni ya kebo (swali la 13) na si ya swichi.

Kuthibitisha: handbreki juu, matairi yamezuiwa, N imebonyezwa, chomoa waya wa swichi na uguse nao chuma safi cha bodi huku mtu akizungusha ufunguo. Stata ikipiga, relei na nyaya ni nzima. Basi imebaki swichi au kipimo cha kebo. Rudisha waya mara tu baada ya jaribio. Kuuacha umefungwa ardhini ili "liwake kila mara" ni kuruhusu gari lipige stata likiwa kwenye gia, na ajali ya namna hiyo hutokea mbele ya ukuta wa gereji au mbele ya mtu.

17. Balbu ya vitufe haiwaki.

Balbu ndogo nyuma ya kisanduku, au soketi yenye kutu. Sugua kwa msasa laini. Usiweke balbu yenye wati nyingi zaidi, kwani joto lake linapasua vitufe.

## Vitufe vya umeme

18. Edsel yangu ya 1958 haibadilishi gia. Nianzie wapi?

Kwenye betri na ardhi. Mota inayosogeza vali inakula umeme mwingi, na betri dhaifu au ardhi yenye kutu inatosha kuifanya igune na kusimama. Pima volti kwenye mota yenyewe wakati kitufe kimebonyezwa, si kwenye betri.

Baada ya hapo fuata njia ya umeme kutoka juu. Kwenye Teletouch, yaani mfumo wa vitufe wa Edsel, vitufe viko katikati ya usukani, na kitovu hicho kinabaki kimesimama huku usukani ukizunguka. Nyaya zinazopita ndani ya nguzo ya usukani ni nyembamba, na ala zake hukatika zikizeeka. Vipande vya mguso huchafuka na kushika kutu. Visafishe kwa raba ya kufutia au msasa laini kabisa, usivikwangue kwa kisu.

Mwisho ni mota: iko chini, karibu na joto la eksozi, mahali maji na matope yanafika. Makaa yake huisha, komutata huwa nyeusi, sili hupitisha maji. Mota hii inafungulika na kutengenezeka na fundi yeyote mzuri wa stata na dainamo. Mahali pa vitufe ndipo palipowasumbua hata wenye mfumo mzima: mkono uliozoea kupiga honi katikati ya usukani ulikutana na gia.

19. Na Packard ya 1956?

Mantiki ni ile ile: swichi, nyaya, mota kwenye giaboksi. Vitufe viko kwenye mkono mfupi kando ya nguzo ya usukani. Miguso michafu na mota inayolemewa ndizo lawama za tangu siku za kwanza.

20. Gari la vitufe vya umeme linakataa kutoka P likiwa mlimani.

Uzito wa gari umeangukia kwenye kifungio cha shafti, na mota haina nguvu ya kukichomoa. Usiendelee kubonyeza, utaichoma. Mtu alisukume gari kidogo kuelekea mlimani huku wewe ukiwa tayari kukanyaga breki, kifungio kipumzike, kisha ubonyeze. Kuzuia ni rahisi zaidi: vuta handbreki kwanza, achia breki ya mguu gari litulie juu yake, ndipo ubonyeze P.

## Hali za pembeni

21. Nikigusa R kwa bahati mbaya nikiwa kwenye mwendo, giaboksi itapasuka?

TorqueFlite ina vali inayozuia rivasi isiingie ukiwa kwenye mwendo. Badala yake inaangukia nyutro, na unaweza kubonyeza D tena. Lakini kinga hiyo inategemea shinikizo la oili na vali ambazo zina umri wa kustaafu, kwa hiyo usiijaribu ili kuona.

22. Naweza kuliwasha kwa kulisukuma?

Kwa TorqueFlite za enzi ya vitufe, ndiyo, kwa sababu zina pampu ya pili nyuma inayoendeshwa na magurudumu. Ufunguo ukiwa umewashwa na N imebonyezwa, gari lisukumwe na jingine hadi kama kilomita 25 hadi 40 kwa saa, ndipo ubonyeze 1. Lisukumwe, lisivutwe kwa kamba: likiwaka ghafla litamgonga anayelivuta. Pampu hiyo ikiwa imechakaa hakuna kitakachotokea. Magari ya Chrysler ya kuanzia 1966 hayana pampu hiyo, kwa hiyo usijaribu kwa binamu yake mdogo.

23. Kebo imekatika njiani. Nifike nyumbani vipi?

Waya ukikatika, vali inabaki pale ilipokuwa. Ikiwa ni D, gari litaenda, lakini ukizima injini, stata itagoma (swali la 16) na nyutro huipati. Kuendesha gari usiloweza kulitoa kwenye gia ni hatari. Pandisha kwenye lori la kubebea. Likivutwa kwa magurudumu ya mbele kunyanyuliwa, ondoa shafti ya propela kwanza.

24. Naweza kuweka giaboksi mpya zaidi na kubaki na vitufe?

Si kwa kuibadilisha tu. Vitufe viliisha na modeli za 1964. Za 1965 zina lever, ingawa bado inavuta kebo, na kuanzia 1966 vali inasogezwa kwa fito na mkono wa nje, bodi halina tena mahali pa kupokea kebo. Wapo wanaohamisha vali bodi na kuchonga, lakini kwa maoni yangu kuitengeneza upya uliyo nayo ni kazi ndogo kuliko hiyo. Sehemu za ndani za A-904 na A-727 zinapatikana vizuri.

25. Je, ni kinyume cha sheria kuendesha gari la vitufe?

Vitufe havikuwahi kupigwa marufuku. Nchini Marekani kanuni ya usalama namba 102, iliyoanza Januari 1968, ilidai mpangilio wa lever uwe na nyutro kati ya rivasi na mwendo wa mbele, lakini ni kwa magari mapya ya wakati huo. Gari la 1962 linakaguliwa kwa breki, taa na usukani kama mengine. Mkaguzi akiuliza gia iko wapi, mwonyeshe upande wa kushoto wa dashibodi na umwombe asibonyeze.